Nani Anapanga Sinema za Same?

Ratiba ya sinema mjini Same huandikwa kwa chaki. Mwenye kibanda umiza anaweka ubao mlangoni: saa kumi mechi ya Uingereza, saa mbili usiku mechi nyingine, na katikati ya hapo filamu ya Kihindi au ya Kikorea iliyotafsiriwa. Kamati ya uteuzi haipo, majaji hawapo. Filamu isipovuta watu, kesho yake ubao unafutwa na jina lingine linaandikwa. Huo nao ni upangaji wa ratiba, tena mkali kuliko wa tamasha la Berlin, kwa sababu mpangaji akikosea anakosa pesa ya umeme.

Mazungumzo yetu kuhusu matamasha ya filamu hayaanzii hapo. Huanzia kwenye zulia jekundu: nani kapata tuzo, nani kavaa nini, waziri gani kafungua. Swali la ratiba, yaani filamu ipi, usiku upi, mbele ya watu gani na kwa lugha gani, huachiwa waandaaji kana kwamba ni kazi ya karani. Ukilitazama kutoka huku Upare, swali hilo linabeba karibu kila kitu. Ratiba ya tamasha hupangwa na fedha, ukumbi na lugha. Kila mtu hulalamikia fedha, na wengi hulalamikia ukumbi. Kwa maoni yangu lugha ndiyo inayowafungia watu wengi zaidi mlango, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote.

Chukua tamasha la filamu za Ulaya, ambalo limekuwa likifanyika Dar es Salaam kwa miaka mingi chini ya Umoja wa Ulaya, balozi za nchi wanachama na vituo vya utamaduni kama Alliance Française na Goethe-Institut. Namna ratiba yake inavyoundwa inaeleweka kirahisi. Kila nchi inaleta filamu yake, kama arusi ambayo kila upande wa ukoo unaleta chungu chake cha chakula. Ufaransa inaleta ya kwake, Ujerumani ya kwake, Uhispania ya kwake. Hakuna anayeleta chungu kitakachomtia aibu, kwa hiyo zinakuja filamu zenye tuzo, vichekesho vya kifamilia, hadithi za watoto, na zile ambazo haki zake za kuonyeshwa hazina gharama kubwa. Kiingilio mara nyingi ni bure. Ukizitazama moja moja, nyingi ni nzuri kweli. Ukizitazama pamoja kama ratiba, hazisemezani: filamu ya Jumanne haijui kama kuna filamu ya Jumatano, kwa sababu waliozichagua walikaa ofisi tofauti wakiwa na mahitaji tofauti.

Halafu kuna maandishi ya tafsiri chini ya picha. Filamu ya Kifini au ya Kipolandi inafika Tanzania ikiwa na maandishi ya Kiingereza, na waandaaji wanahesabu kazi ya lugha imekwisha. Filamu ya Kiswahili inayotaka kuingia tamasha la kimataifa haipokelewi bila maandishi ya Kiingereza. Filamu ya Kifaransa inayokuja kwetu haidaiwi maandishi ya Kiswahili. Mzigo unabebwa na upande mmoja tu, na ndiyo maana tamasha la bure, katika jiji lenye mamilioni ya watu, linajaza ukumbi wa watu walewale wanaofahamiana. Kulipeleka tamasha hilo Same bila kubadilisha lugha ni kuhamisha viti tu.

Kuhusu ukubwa wa mji, hoja ya kwamba Same ni padogo mno haina nguvu. Locarno, kule Uswisi, ni mji wa watu wapatao 16,000 kando ya ziwa na chini ya milima, na tangu mwaka 1946 unaendesha moja ya matamasha yanayoheshimika zaidi duniani. Uwanja wake mkuu hupangwa viti 8,000 usiku, hadharani. Ouagadougou ilianza tamasha lake la filamu, FESPACO, mwaka 1969, nchi ambayo leo ni Burkina Faso ikiwa miongoni mwa nchi maskini kuliko zote. Wilaya ya Same ilikuwa na watu karibu 270,000 katika sensa ya mwaka 2012. Watu wapo, na kinachoulizwa ni wataonyeshwa nini na wataelezwaje.

Swali hili lina historia hapa hapa kaskazini mashariki, na si historia ya kujivunia sana. Mwaka 1935 huko Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, kulifunguliwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulitokana na Baraza la Kimataifa la Misheni, ukapata fedha za shirika la Carnegie la Marekani na baraka za serikali ya kikoloni ya Uingereza. Msimamizi wake wa kazi za uwandani alikuwa Meja L. A. Notcutt, mtu aliyewahi kuendesha mashamba ya mkonge Afrika Mashariki na kuona jinsi wafanyakazi walivyopenda sinema. Mpaka mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35, waigizaji wakiwa Waafrika wa maeneo hayohayo, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi.

Ratiba yao ukiisoma leo unacheka na kununa papo hapo. Kulikuwa na filamu ya minyoo ya safura, ya chai, ya ngozi za ng'ombe, ya malaria kwa watoto wachanga, na ya akiba ya posta, ambamo mtu anayeficha fedha zake nyumbani anaibiwa huku mwenzake wa benki akistarehe. Ilikuwa ratiba ya mtu anayeamini kwamba mtazamaji wake hana anachokijua. Pamoja na hayo, Notcutt na wenzake walielewa jambo moja ambalo matamasha ya leo yamelisahau: hawakumwonyesha mtu filamu kwa lugha asiyoijua. Picha zilikuwa bubu na maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine za njiani, na pale santuri isipotosha mtu alishika kipaza sauti akasimulia. Serikali za makoloni zilikataa kuendelea kulipia, mradi ukafa. Filamu zinazojulikana kubaki ni tatu tu, zimehifadhiwa Uingereza, na mojawapo inahusu wakulima wa Kingolwira, Morogoro.

Mojawapo ya filamu zao ilihusu kodi. Kazi yake ilikuwa kumweleza mwananchi kwamba fedha anayolipa inamrudia kwa njia ya huduma. Miaka isiyozidi kumi baadaye Upare ulitoa jibu lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 utawala wa wenyeji ulianzisha kodi ya nyongeza iliyopangwa kwa viwango kulingana na mali ya mtu, ikapewa jina la mbiru, jina la ada ya zamani waliyopewa watawala. Watu hawakuelewa wala hawakukubali jinsi mali yao ilivyokuwa ikikadiriwa. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, kaskazini na kusini, wakapiga kambi kwenye makao ya wilaya hapa Same, wakawa wanapokezana kwa zamu. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi wakaingia katika ugomvi huo. Walimwambia mtawala wa wilaya kwamba kama shauri haliishi ili waume zao warudi nyumbani, basi yeye mwenyewe achukue nafasi ya waume hao. Hatimaye kodi ile ya viwango ikaondolewa.

Profesa Isaria Kimambo aliandika kijitabu kizima juu ya tukio hilo mwaka 1971, wanafunzi wa historia wanalijua, wazee wanalisimulia. Filamu hatujaiona. Sisi Wapare tunaotaniwa nchi nzima kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, kesi yetu kubwa kuliko zote, tuliyoishinda, hatujawahi kuitazama kwenye kitambaa cheupe.

Kati ya lori la Vugiri na kibanda cha leo kuna sura nyingine nitakayoipita haraka. Miaka ya 1950 kampuni kutoka Afrika Kusini ilitengeneza filamu za Kiswahili kwa ajili ya Tanganyika, na nyota wake alikuwa kijana Rashidi Kawawa, aliyeigiza katika Muhogo Mchungu kabla hajawa kiongozi wa wafanyakazi na baadaye Waziri Mkuu. Baada ya Uhuru serikali iliendelea na magari ya sinema vijijini, ikaunda kampuni ya filamu ya taifa, kampuni ikazeeka na magari yakachakaa. Mwaka 1985 ilitoka Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, filamu fupi juu ya mwanamke mgonjwa anayesitasita kati ya hospitali na mganga. Bado naiona kuwa miongoni mwa kazi nzuri kuliko zote zilizotoka nchini, na huku milimani ingemgusa mtu moja kwa moja kama angeonyeshwa.

Tamasha la Zanzibar, ZIFF, lilipoanza mwaka 1998 lilirithi matumaini hayo yote. Kwa ratiba yake lilichagua bahari: nchi za majahazi, kuanzia pwani yetu hadi Ghuba na India. Ulikuwa uamuzi wa akili, kwa sababu tamasha lilipata hoja, na filamu zikawa na sababu ya kukaa pamoja ndani ya Ngome Kongwe. Lakini sehemu ya ZIFF ninayoiheshimu kuliko zote haipigwi picha sana: ule mpango wa kubeba vifaa na kwenda kuonyesha filamu vijijini Unguja na Pemba. Hapo ratiba inalazimika kubadilika. Filamu ya saa tatu iliyojaa ukimya, iliyopigiwa makofi Ngome Kongwe, inaweza isimalize dakika 20 mbele ya watoto wa kijijini na bibi zao, na kosa si la bibi.

Bara hatujapata kitu cha namna hiyo kinachodumu. Bodi ya Filamu imejitahidi kuzitoa tuzo zake nje ya Dar es Salaam, Mbeya mwaka 2021 na Arusha mwaka uliofuata. Ni hatua. Ila usiku wa tuzo ni sherehe ya watengenezaji. Mtazamaji anaalikwa kushangilia majina.

Ukigeuza kioo ukaangalia ratiba za Ulaya zenyewe, unaona nafasi gani tumetengewa. Kwa muda mrefu tulikuwa wanyama. Bernhard Grzimek alipata Oscar kwa filamu ya Serengeti ya mwaka 1959 aliyoitengeneza na mwanawe Michael, na tangu hapo kamera za kigeni zikija kaskazini mwa Tanzania huwa zinajua zimekuja kutafuta nini. Mkomazi, inayoanzia mlangoni mwa Same, ina faru waliorudishwa kuanzia mwaka 1997 na mbwa mwitu waliozalishwa kwa uangalizi. Mbuga hiyo hiyo ina wafugaji walioondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwenye filamu, faru ana nafasi ya uhakika kuliko mfugaji. Baada ya wanyama tukawa tatizo: Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyopigwa Mwanza, ilitoka mwaka 2004 ikazoa tuzo za Ulaya, huku Rais Kikwete akiilaani hadharani mwaka 2006. Filamu ile ilikuwa na ukweli ndani yake na ilikuwa na uonevu pia. Watu wa Mwanza ndio waliokuwa na haki ya kupima kipi ni kipi, na wengi wao hawakuiona.

Siku hizi upepo unageuka kidogo. The Empty Grave, ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, ilionyeshwa Berlin mwaka 2024. Inafuata familia za Songea na Meru zinazotafuta mabaki ya wazee wao waliouawa na Wajerumani na vichwa vyao kupelekwa Ulaya. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilianzia Toronto mwaka 2021 na ikawakilisha Tanzania kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Sasa wenyeji wanashika kamera, jambo ambalo Grzimek hakulifikiria. Tatizo linabaki lilelile kwa sura nyingine: ili mtu wa Vudee, huku milimani, aione filamu ya Songea, filamu inapaswa kwanza kwenda Berlin, na ikirudi inaishia Upanga, Dar es Salaam.

Hapa ndipo narudi kwenye sauti ya mtu anayetafsiri. Utaratibu wa mtu kuketi na kipaza sauti, akasimulia filamu ya kigeni kwa lugha ya watazamaji huku ikienda, una mabingwa wake. Kwetu anatajwa Kapteni Derek Mukandala, aliyefahamika kama Lufufu. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Msomi akisikia kazi zao mara ya kwanza hukunja uso. Msimulizi anaongea juu ya muziki, anawapa wahusika majina ya mtaani, anaongeza utani ambao mwandishi hakuuandika. Halafu kuna suala zito zaidi: sehemu kubwa ya biashara hiyo imesimama juu ya nakala za wizi, na msanii wa Tanzania naye ameumizwa na mtindo huohuo wa kunakili.

Hayo yote ni kweli, na bado watu hawa ndio waliotatua kwa vitendo tatizo ambalo balozi zote pamoja hazijalitatua. Wanajua kwamba mtazamaji anayesoma polepole hawezi kusoma maandishi na kuangalia nyuso kwa wakati mmoja. Wanajua wapi pa kunyamaza. Kikundi cha Ajabu Ajabu cha Dar es Salaam kimeliona hilo. Filamu yao fupi Tenzi za Sinema, ya mwaka 2023, inawatazama watu wa vibanda na wasimulizi kama wahifadhi wa sinema, wakiirudisha kwa watu filamu ya Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Tamasha linalotaka kufika milimani lisianze na mtambo wa bei mbaya. Limtafute msimulizi mzuri, lilipie haki ya filamu, limpe filamu hiyo mapema aitazame mara kadhaa, na limlipe kama linavyomlipa mgeni wa heshima.

Ratiba yenyewe itajifunza desturi za huku. Usiku wa Ijumaa, ambao matamasha mengi huupenda kwa ufunguzi, Suji na Mamba ni usiku wa Sabato. Waadventista wako Upare Kusini tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwandaaji asiyejua hilo atafungua tamasha mbele ya viti vitupu. Wakati wa Ramadhani, Usangi na miji ya barabarani kama Hedaru itataka ratiba yake. Masika ikikolea, barabara ya kupanda Mbaga si ya gari lenye mtambo nyuma. Ukumbi si shida kubwa kama inavyosemwa: kuna viwanja vya shule, kumbi za makanisa, magulio. Giza ni la bure, ingawa baridi ya milimani itawafanya watu wadai filamu fupi.

Na filamu? Ningepanga tano, si ishirini. Supa Modo ya Kenya, ya mwaka 2018, juu ya kijiji kinachotengeneza filamu kwa ajili ya binti mgonjwa, ingefungua vizuri kwa sababu wazazi na watoto wataitazama pamoja. Arusi ya Mariamu ya pili. Usiku wa tatu The Empty Grave, na watu wapewe saa nzima ya kusema baada yake, maana Wajerumani walipita huku pia. Kutoka Ulaya ningechukua moja tu, Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948: baba anaibiwa baiskeli anayoitegemea kwa kazi, anaizungukia Roma nzima na mwanawe. Kijana wa bodaboda wa Same hahitaji profesa wa kumweleza inahusu nini, anahitaji Kiswahili. Na ya mwisho ningeomba nakala ya ile ya Kingolwira ya mwaka 1936, ionyeshwe bila maelezo ya kikoloni, msimulizi wetu na wazee wakulima wakiijibu palepale. Sidhani kama Locarno imewahi kupanga usiku wa namna hiyo.

Kibali kitahitajika. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, na hilo linamhusu balozi sawasawa na mwenye kibanda. Bodi ingeweza kuwasaidia wote wawili kwa kutambua usimulizi wa Kiswahili kama njia halali ya kuonyesha filamu iliyolipiwa haki zake, na kuuwekea ada ambayo mtu wa wilayani anaimudu. Afisa Utamaduni wa Wilaya angekuwa na kitu cha kusimamia badala ya kufukuzana na watu wa vibanda kila baada ya miezi kadhaa.

Nafasi ya filamu ya sita naiacha wazi kwa Mbiru. Mwaka 2045 maandamano yale yatatimiza miaka mia moja. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi siku wanaume walipoteremka kwenda Same leo yuko katika miaka yake ya tisini, Usangi, Gonja au Mamba. Wewe msomaji wa Upare mwenye simu yenye kamera nzuri, nenda ukamrekodi mwaka huu, kwa Chasu, yaani Kipare, kama hicho ndicho anachokimudu vizuri. Mwenye fedha na mwenye tamasha watakukuta na kitu mkononi.